Stesheni Haiachwi Peke Yake

Asubuhi ya safari yake, karani Abeid Bilali aliamka kabla ya jogoo, akafagia jukwaa la stesheni ya Mwakasubi, akapaka chokaa mawe ya ukingoni, akatia mafuta kwenye taa za ishara. Alipomaliza ndipo akanawa uso na kuvaa koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba. Lilikuwa koti la kazi, lakini nguo nyingine ya kwendea mkutanoni hakuwa nayo, na vifungo alikuwa ameving'arisha kwa jivu mpaka vikawaka.

Mwakasubi si mji, mtu asikudanganye. Ni stesheni ndogo ya upande wa Misungwi: chumba cha tiketi, ghala la bati, nyumba ya mawe ya stesheni masta, kibanda cha karani nyuma yake, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo, ambacho ndicho kengele. Ukipanda mnara wa ishara unayaona majabali ya Mwanza na ziwa likimeremeta ng'ambo yake. Abeid alipanda kila jioni kuwasha taa, akatazama kidogo upande wa Mirongo, mtaa wa Mwanza alikozaliwa, akashuka. Kwa treni, kutoka hapo hadi kwao, wali haujaiva umeshafika. Naye alikuwa hajalala kwao miaka minne.

Sababu haikuwa siri. Kulikuwa na treni ya abiria, na ya mizigo, na msimu ukifika ya pamba, zote zikitaka mtu wa kuzipokea na kumkabidhi dereva kile kipande cha chuma ambacho asipokishika mkononi haruhusiwi kuondoka. Tena kulikuwa na sheria ya reli, iliyobandikwa ukutani kwa Kiingereza, ambayo Bwana Vasant, stesheni masta, aliitafsiri kwa Kiswahili chake: stesheni haiachwi peke yake. Bwana Vasant hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mhindi mwembamba mwenye maradhi ya kiuno, na yeye mwenyewe kwao Gujarati alikuwa anakuona ndotoni tu.

Baba yake Abeid, mzee Bilali, fundi seremala wa Mirongo, alipofariki, habari ilikuja kwa mashine ya simu, na aliyekuwa kwenye mashine ni Abeid. Aliipokea herufi kwa herufi, akaiandika kwa mwandiko wake mzuri, na jina la marehemu likaja mwisho. Akaomba ruhusa. Wakubwa wakajibu kwamba hakuna mtu wa kushika zamu yake. Basi mzee akazikwa, na mtoto wake akaipokea treni ya jioni huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Uchungu ule haukumtoka. Na sasa mama yake, Bi Mwanaheri, alikuwa amelala kitandani, hana nguvu hata ya kujifunga kanga. Abeid hakuwa na ombi kubwa duniani. Alitaka, siku ikifika, amzike mama yake kwa mikono yake, kama watoto wa watu wengine.

Ndiyo maana makarani na wapagazi wa njia ya Mwanza walipomchagua awe mjumbe wao kwenye mkutano mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli kule Tabora, alikosa usingizi kwa furaha. Walimpa hoja moja tu: kila stesheni ipate mtu wa zamu, ili mwenye msiba aende msibani. Kanuni ya chama ilikuwa kwamba hoja husemwa na mjumbe wake mwenyewe, kwa mdomo wake, ameketi mkutanoni, vinginevyo haijadiliwi.

"Enda, Abedi," alisema Bwana Vasant, mkono mmoja kiunoni. "Mimi tashika bendera. Siku mbili tatu, kwani nini?"

Treni ikaja. Abeid akaipokea, akampa dereva kipande cha chuma, akaipungia bendera ya kijani, akamkabidhi Bwana Vasant bendera, na yeye mwenyewe akarukia behewa la daraja la tatu. Alikaa karibu na Nkwabi, mkulima wa pamba aliyekuwa anakwenda Malampaka kwa wakweze na jogoo amemkumbatia.

"Ninyi watu wa Mirongo," alisema Nkwabi, "mkipata vifungo vya shaba basi hata jua mnalionea wivu."

"Wewe mpeleke jogoo wako," alijibu Abeid. "Wakikukataa, yeye watampokea."

Wakacheka. Mashamba ya pamba yakapita, mbuga ikapita, ng'ombe wakainua vichwa. Abeid alikuwa anairudia hoja yake kimoyomoyo, na kifua kilikuwa chepesi. Kisha treni ikapunguza mwendo, ikapiga honi, ikasimama kwenye stesheni iliyofuata. Ilikuwa Mwakasubi.

Mawe ya ukingoni yalikuwa na chokaa mbichi. Bwana Vasant alisimama mlangoni mwa chumba cha tiketi akiwa na bendera.

"Abedi, chelewa wewe," alisema. "Shika hii. Kiuno yangu nauma."

Abeid akashuka. Akapokea mizigo, akaikagua, akampa dereva kipande cha chuma, akapunga bendera, akairudisha, akarukia behewa. Nkwabi alikuwa amemshikia nafasi kwa kumweka jogoo.

Stesheni ya tatu ilikuwa Mwakasubi. Ya nne ikawa Mwakasubi. Abiria wengine hawakupata tabu yoyote. Waliokuwa wanakwenda Malampaka walishuka, wakapokewa na ndugu zao, wakaenda zao sokoni. Nkwabi aliposhuka alimkuta shemeji yake na baiskeli, akamfunga jogoo nyuma ya kiti.

"Kwa heri, bwana vifungo," alisema. "Malampaka ya leo ina joto, eh?"

"Ina joto kweli," alisema Abeid, akampimia mtu mwingine gunia. Mtu asiye na kazi na stesheni, stesheni zote humwachia apite.

Mchana ukaenda. Kila waliposimama Bwana Vasant alikuwa amechoka zaidi. Safari moja alikuwa amesimama, safari nyingine ameketi kwenye sanduku, safari nyingine mkewe, Saroj, alikuwa amemletea karai la maji ya moto na miguu yake imo ndani. Abeid alimwonea huruma, na huku hasira zinampanda, maana ni vigumu kumkasirikia mtu aliyetia miguu kwenye karai.

"Kwani enda wapi wewe?" aliuliza Bwana Vasant.

"Tabora, bwana. Mkutanoni."

"Enda basi. Nani kataza wewe?"

Stesheni iliyofuata, Abeid aliamua kutoshuka. Treni iliposimama alifumba macho, akakaza mikono kwenye ubao wa kiti. Na treni isiyo na mtu wa kuiondoa huondoka lini? Sadru, dereva, alichungulia dirishani kwake, akaona hakuna wa kumpa kipande, akawasha sigara. Jua likaingia ndani ya behewa. Watoto wakaanza kulia. Watu wakanong'ona, kisha wakaacha kunong'ona wakasema waziwazi.

"Bwana wa reli, shuka basi, tufike!"

"Leo si kazi yangu, jamani. Leo mimi ni abiria."

"Abiria na koti hilo?"

Kwenye benchi la mbele alilala mama mmoja aliyekuwa anapelekwa hospitali ya Tabora, tumbo limemvimba, midomo imekauka. Alimtazama Abeid tu, mara moja, akageuza uso asimtie haya. Loo! Bora angemtukana. Abeid akainuka, akashuka, akapokea bendera, akampa Sadru kipande cha chuma. Watu wakamshukuru, na baadaye mmoja akampa muhogo wa kuchoma.

Walifika Tabora asubuhi ya pili. Yule mgonjwa alishushwa kwa machela, akapelekwa hospitali, na inasemekana alipona. Abeid naye akashuka. Bwana Vasant alikuwa amelala kwenye kiti, bendera mapajani.

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la bati, lilelile alilokuwa akilifagia kila siku. Wajumbe walikuja kwa treni za kila upande, wa Kigoma, wa Dodoma, wa Morogoro, suruali zimepigwa pasi, kofia mikononi. Abeid ndiye aliyewapokea, akawashushia mabegi.

"Habari za kazi, ndugu?"

"Njema. Karibuni. Mkutano ni humo ndani, mimi nakuja sasa hivi."

Akawa anakuja. Kila alipotia mguu mlangoni mwa ghala, mashine ya simu ililia chumbani, kumwarifu kwamba treni imeondoka stesheni ya nyuma, naye akageuka kwenda kuigongea kengele. Mkutano ukafunguliwa kwa dua na sala. Mwenyekiti alikuwa mzee Ngosha, karani mkuu mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtu wa haki na anayeipenda kanuni kuliko chakula. Abeid alimsikia kupitia ukuta wa bati, maneno yote, vizuri kabisa.

"Mjumbe wa Mwanza!"

"Nipo!" Abeid alijibu kwa kupitia dirishani, bendera kwapani.

Wajumbe wote wakageuka. Mzee Ngosha akarekebisha miwani.

"Upo mkutanoni, au upo kazini?"

Abeid angeweza kusema uongo. Lakini treni ilikuwa inaingia nyuma yake na wote walikuwa wanaiona.

"Nipo kazini, mzee. Lakini hoja ninayo, naomba niiseme hapahapa."

Akaisema. Aliisema yote, akamtaja baba yake, akamtaja mama yake. Wajumbe wengine waliinamisha vichwa, maana hakuna aliyekuwa hajaachwa na jeneza la kwao akiwa kazini. Mjumbe wa Dodoma alitoa leso. Alipomaliza, mzee Ngosha mwenyewe alikuwa anafuta miwani.

"Umesema kweli tupu, mwanangu," alisema. "Kama ungekuwa umeketi humu tungeipitisha bila kupinga. Lakini mtu aliye kazini hahesabiwi kuwa mjumbe. Kanuni tulitunga wenyewe."

"Nitaketi vipi, mzee, na hakuna wa kunishikia?"

"Ndiyo hoja yenyewe hiyo," alisema mzee Ngosha kwa masikitiko, akaenda kwenye jambo la pili.

Jambo la mwisho lilikuwa la shukrani. Mjumbe wa Morogoro alisimama akasema kwamba si haki wafunge mkutano bila kumtaja ndugu yao wa Mwanza, ambaye hata siku ya mkutano hakuiacha stesheni yake, na akaomba stesheni zote ziige mfano huo. Wote wakanyoosha mikono. Wakampigia makofi ya nguvu, bati likatetemeka. Abeid aliyasikia makofi akiwa amesimama jukwaani na bendera nyekundu, anaisimamisha treni ya kutoka Mwanza, na alitamani ardhi ipasuke.

Kwenye treni hiyo ndimo alimokuwa mama yake. Alishuka mwenyewe, polepole, akishikwa mkono na Mwaija, dada yake Abeid. Alikuwa amevikwa sanda, uso wazi, ananukia karafuu maiti. Kutoka Mwanza hadi Tabora ni safari ya kukesha, lakini hadi Mwakasubi ni karibu, na yeye alikuwa anakwenda Mwakasubi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Umefariki lini?"

"Alfajiri, adhana haijaisha. Wameniosha, wamenivika, wanataka kunipeleka makaburini. Nikawaambia, subirini. Huko mwanangu haji. Nipelekeni kazini kwake."

"Tulimbembeleza, kaka," alisema Mwaija, macho yamemvimba kwa kulia. "Lakini unamjua mama."

Abeid alimkumbatia mama yake. Alikuwa mwepesi, na baridi kidogo. Alilia bila kujificha, na Bi Mwanaheri akampapasa mgongoni juu ya koti la kaki.

"Basi, basi. Tuna nafasi kabla ya treni nyingine?"

"Kuna ya mizigo, mama. Ikichelewa tunayo nafasi."

"Mungu aicheleweshe. Nichimbie pale karibu na kengele. Uwe unaniona."

Wajumbe walitoka ghalani, wakavua makoti, wakashika sepetu za reli, wakachimba kwa zamu. Bi Mwanaheri aliketi kwenye benchi la abiria akiwatazama, akamwambia mzee Ngosha kwamba ukuta wa kaburi unapinda. Ulikuwa unapinda kweli, wakaunyoosha. Lilipokuwa tayari alijilaza kwenye mkokoteni wa mizigo, akafumba macho, na baada ya hapo hakusema tena. Waislamu wakamsalia, Wakristo wakasimama kando kofia zimevuliwa. Saroj alimchukua Mwaija ndani akampa chai.

Abeid akaingia kaburini. Alimpokea mama yake kwa mikono yake miwili, akamlaza ubavu wa kulia, akamfungua vifundo vya sanda, na mbao zikapangwa. Akatoka. Akachota udongo kwa viganja akautia mara ya kwanza. Akauchota tena.

Bwana Vasant aligonga kengele. Aliigonga pole sana, kwa aibu, lakini ni kipande cha reli na sauti yake haina pole.

"Abedi," alisema. "Treni."

Abeid akamtazama mzee Ngosha, mzee Ngosha akatazama chini. Alimwaga ule udongo uliokuwa viganjani, akaenda jukwaani. Nyuma yake alisikia sepetu zikiendelea, watu wengine wakimjazia mama yake kaburi. Treni ya mizigo ikaingia, haijachelewa hata kidogo. Sadru akanyoosha mkono nje, Abeid akampa kipande cha chuma, na kilikuwa na udongo. Sadru akakifuta kwenye suruali, akasema, "Pole, bwana," akaondoa treni.