Upande wa Kuume

Laure aliandika kila feza mara mbili, na mtaa mzima wa Kikula ulimcheka kwa hilo. Alijifunza shuleni, kwenye commerciale, masomo ya biashara, kabla ya kuolewa: feza ikiingia huku, lazima imetoka kule. Akinunua bunga ya ugali, kushoto anaandika bunga, kuume anaandika sanduku, feza ilikotoka. Jirani yake Berthe alimwita Mama Débit, neno la daftari lake, akamuuliza kama na mabusu ya bwana yake anayaandika. Wacha wacheke. Hesabu zilisimama sawa na watoto walikula.

Sasa Ijumaa moja Damas, bwana yake, mchimbaji wa madini kwenye mashimo ya njia ya Kakanda, akaweka dola mia nane mezani na kwenda kuoga. Mia nane, mtu ambaye juzi alikopa ya sabuni! Laure akaandika kushoto: sanduku, mia nane. Kuume kalamu ikagoma. Akauliza kwa sauti imetoka wapi.

“Andika Mungu,” Damas akajibu toka bafuni.

Mungu gani, na yeye kanisani haendi mpaka avutwe? Hapo hofu ikamwingia Laure. Likasi nzima inajua habari za wanaume walioamka matajiri kwa uchawi na kuzika mtoto kabla mwezi haujaisha. Lisemwalo lipo. Laure, mtu wa maombi, hakutaka kuamini, na aliamini. Binti yao Elikia alikuwa anakohoa. Akamgusa paji la uso, lina moto. Akatazama ile nafasi tupu upande wa kuume, na jina la mtoto likamjia lenyewe kwenye ncha ya kalamu. Akaitupa kalamu chini.

Kesho yake alimbeba Elikia mgongoni kutwa, msichana mkubwa wa kwenda shule, miguu inaning’inia. Sokoni naye, chooni naye. Feza hakuigusa. Damas alipomletea mtoto maji, Laure alimpokonya kikombe akayamwaga. Ndipo Damas akakasirika, akauliza ana nini.

“Ninakuogopa,” Laure akasema. “Ulitoa mutoto yetu?”

Damas akaketi. Mwanaume mzima akaanza kulia.

“Hapana mutoto,” akasema. “Ni minye mwenyewe.”

Akaeleza yote. Isidore, mnunuzi wa mawe ya madini, alimpa ile feza ateremke Jumatatu kwenye shimo la zamani, lile lililomfunika mchimbaji mwenzake Ambroise wakati wa mvua. Chini kuna mawe mazuri. Akitoka salama, vizuri. Asipotoka, Laure na mtoto watabaki na cha kuanzia.

Laure alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, pumzi moja tu. Kisha hofu nyingine ikaja, mbaya kuliko ya kwanza, maana hii haikuhitaji mchawi. Akaokota kalamu, akaandika kuume: Damas. Akamgeuzia daftari.

“Iyi feza haikuingia bure. Ni weye unatoka.”

Damas alilitazama jina lake mbele ya mia nane.

Jumapili baada ya ibada wakairudisha yote. Njiani Laure aliwaza Isidore atawatukana au atawaitia vijana wake. Isidore hakugomba hata kidogo. Alihesabu, akatia mfukoni, akawatakia siku njema. Laure akarudi nyumbani mwepesi, akafuta deni, akamrudisha bwana yake nyumbani kwa kalamu. Pande mbili zikalingana.

Jioni Berthe akapita na mfuko mzima wa bunga kichwani, anaimba. Akawapigia kelele za furaha: kijana wake Jeancy amepata kazi kwa Isidore, amelipwa mbele, anaanza kesho.

Laure akaelewa ni kazi gani. Nani kama yeye angejua? Feza ikitoka kwako, haipotei. Inaingia kwa mwingine. Damas akamshika mkono, akamwambia anyamaze, wao wamepona, Isidore si mtu wa kuchezewa. Na kweli Laure aliogopa. Akavuka kwa jirani hivyo hivyo, akamwambia Berthe kila kitu.

Kicheko kikamtoka Berthe usoni.

“Hiyo ni wivu, Laure. Mulirudisha kwa bwoga, sasa unataka na minye nilale njaa.”

Akafunga mlango.

Laure hakurudi kwake. Aliketi kizingitini, mgongo kwenye mbao za mlango. Jeancy akitaka kwenda shimoni, atamruka yeye kwanza. Ndani alisikia Berthe anasonga bukari kwa hasira, mwiko unagonga sufuria. Halafu mwiko ukanyamaza. Sauti ikaja karibu, nyuma ya mlango.

“Ambroise, walimutoa?”

“Hapana,” Laure akasema. “Bado iko mule ndani.”