Kampuni ya Kukaa

Bafu la Mkurugenzi halikuwa na mlango. Lilikuwa na pazia la maua ya zambarau, na pazia lile lilikuwa la muda tu. Huo muda sasa ulikuwa umefikisha miaka minne. Ungekuwa mtoto, ungekuwa unajua kuhesabu na kujibu wakubwa.

Ajabu ni kwamba mwenyewe alikuwa fundi seremala. Wala si wa kubahatisha: alisomea, akafuzu, akafanya kazi kwa watu miaka sita, mpaka alipogundua kwamba useremala una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba lazima ufanye kazi. Siku hiyo aliweka randa chini, akachapisha kadi mia mbili zilizoandikwa "Mkurugenzi Mtendaji", halafu ndipo akaanza kufikiria ataongoza nini. Majirani wakamvisha jina hilo, naye akalipokea kwa mikono miwili bila kushtukia kwamba walikuwa wanamcheka.

Siku ya siku, mkewe alikuwa anaoga, upepo ukavuma, pazia likachomoka na waya wake, na uani alikuwapo msoma mita za maji. Mtu wa watu aligeukia ukuta haraka, akaandika namba za mita bila kuziona, akasema shikamoo kwa ukuta, akatoka mbio na kuacha kofia. Mke alipomaliza kuvaa hakupiga kelele. Mume mwenye akili huogopa hapo, mke asipopiga kelele. Mkurugenzi alidhani mambo yamekwisha salama.

Mke akafunga begi moja, akakwapua mto wake, akasimama kwenye mlango wa mbele, ambao ulitengenezwa na fundi mwingine.

"Nakwenda kwa dada," alisema. "Siku bafu likipata mlango nitarudi. Sisemi pazia jipya. Mlango, wenye bawaba na komeo."

"Kesho tu, mke wangu. Si mbao zile pale?"

Mbao zilikuwapo, tusimsingizie. Zilikuwa zimeegemea ukuta wa nyuma, zimepimwa, zimekatwa, upande mmoja umepigwa randa, upande wa pili unasubiri kesho.

"Kesho yako naijua," mke akasema. "Nimeishi nayo miaka minne." Akaenda zake.

Mtu mwingine angeshika nyundo. Mkurugenzi alishika daftari. Alikaa akalipima jambo lile kitaalamu, akafikia uamuzi kwamba mke hakuondoka kwa sababu ya mlango. Ameondoka kwa sababu mumewe hajafanikiwa, maana mke wa mtu aliyefanikiwa hana muda wa kuangalia mapazia. Dawa, basi, ni biashara. Na hapo lazima niseme kwamba katika mambo ya biashara Mkurugenzi hakuwa mgeni. Alikuwa ameshaanguka mara nyingi kuliko wengi wetu tulivyojaribu.

Alikwisha kununua gunia zima la viatu vipya vya mguu wa kushoto, kwa bei ya kutupa. Hoja yake ilikuwa nzito: kila siku watu hupoteza kiatu kimoja. Kilichomponyoka ni kwamba aliyepoteza kiatu cha kushoto anataka kinachofanana na cha kulia alichobaki nacho, saizi ileile na rangi ileile, na kwamba nusu ya watu hupoteza cha kulia. Mteja pekee alikuwa fundi baiskeli aliyetaka mpira wa kukatia breki. Gunia likahamia juu ya sanduku la vifaa vya useremala, likatulia. Kabla ya hapo alikodisha miamvuli, biashara iliyokwenda vizuri kupita kiasi kwa saa mbili: miamvuli yote ilikodiwa, mvua ikaisha, na miamvuli haikuonekana tena. Kisha ikaja huduma ya kuamsha watu. Unajiandikisha, alfajiri anakuja kukugongea dirisha. Watu sita walijiandikisha, na wote sita walichelewa kazini, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amelala.

Siku ya tatu tangu mke aondoke, aliingia shangazi wa mkewe. Huyu mama alisimamia mitihani miaka thelathini na moja mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya watu na kuwatazama, basi. Hakuwa na haja ya kumkagua mtu. Aliyekuwa na karatasi ndani ya soksi aliitoa mwenyewe, akamkabidhi, akaomba radhi.

"Shikamoo, shangazi. Najua umekuja kutusuluhisha."

"Marahaba. Sikuja kusuluhisha mtu. Nimefuata suti yangu kwa fundi cherehani wa mtaani kwenu. Nibebee kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa cha kukunja, cha turubai, kwa kuwa magoti ya Shangazi yalikuwa hayaelewani na mabenchi ya watu. Walifika kwa fundi wakamkuta anasikiliza redio.

"Aaa, mama! Suti yako tayari kabisa," fundi akasema bila kusimama. "Bado vifungo tu. Njoo kesho."

Kitambaa cha suti kilikuwa rafuni nyuma yake, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, kimefungwa na uzi wa dukani. Shangazi alikiona, fundi akaona kwamba kimeonekana. Shangazi hakubishana. Alikunjua kiti chake hatua moja kutoka kwenye cherehani, akakaa, akapakata mkoba, akaanza kumtazama fundi mikono. Si uso. Mikono.

Fundi alicheka. Akasema umeme unasumbua. Umeme ulikuwapo, redio ilikuwa inaimba. Akasema sindano imevunjika, akasema ana msiba, kisha akakumbuka kwamba msiba huohuo aliutumia mwezi uliopita. Kila uongo ulitoka, ukakosa wa kuupokea, ukarudi kwa mwenyewe. Kufika adhuhuri alikuwa ameshika mkasi. Saa kumi suti ilikuwa imepigwa pasi, vifungo vyote mahali pake, na fundi anajifuta jasho na kipande cha bitana.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mmoja mwenye kifurushi, ametazama mchezo wote huo.

"Mama, samahani," akasema. "Kesho una nafasi? Kuna fundi makochi ana viti vyangu tangu mwanangu anatambaa. Sasa yuko darasa la pili."

"Tunayo nafasi," Mkurugenzi akadakia.

Shangazi akamgeukia. "Tunayo?"

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kampuni ya Kukaa. Ukiwa na fundi anayekuzungusha, unakuja kujiandikisha barazani kwa Mkurugenzi, na Shangazi anakwenda kukaa naye mpaka kazi iishe. Upuuzi gani huu? Hata mimi nilisema hivyo. Lakini mawazo mengine ya Mkurugenzi yalitafuta watu ambao hawapo, na hili liliwakuta watu wameshajipanga. Nani mjini hana fundi? Nani hajaambiwa bado vanishi tu? Katika wiki mbili Shangazi alikaa kwa fundi makochi, fundi viatu, fundi friji na mchapishaji wa kadi za harusi ambaye bibi harusi aliyeziagiza alikuwa ameshapata mimba ya pili. Masharti yake yalikuwa machache: hanywi chai ya fundi, haongei, na asiletewe kiti kingine. Ikafika mahali akionekana tu anakata kona na kile kiti chake, nyundo zinaanza kulia mtaa mzima, hata kwa mafundi wasio na kosa.

Mkurugenzi bichwa likamvimba. Mtu mwenye kitu kinachokwenda vizuri ana njia mbili, akiache kiende au akiboreshe, na Mkurugenzi hakuwahi kuacha kitu. Shangazi alikuwa mmoja na mafundi walikuwa wengi, kwa hiyo alimpiga picha, akaikuza ikawa kubwa kama dirisha, akaitoa nakala kumi za kukodisha. Unaitundika mbele ya fundi, macho yanamtazama, wewe unakwenda zako. Siku ya kwanza mafundi walishona na kugonga kwa adabu. Siku ya pili waligundua kwamba picha haigeuzi shingo. Moja ikafunikwa taulo, nyingine ikageuzwa ukutani, na moja ilipotea kabisa mpaka siku kochi la mtu lilipochanika mgongo, akaonekana Shangazi yumo ndani anachungulia.

"Ukimaliza kucheza," Shangazi alimwambia, "nina fundi paa kesho."

Pamoja na hayo kampuni ilisimama, na Mkurugenzi akaona wakati umefika. Alipiga viatu vyake rangi, akachukua daftari la wateja kama ushahidi, akaenda kwa shemeji yake, mitaa miwili tu kutoka pale. Alimkuta mkewe uani anaanika nguo. Alimkumbuka mno, nyumba ilikuwa imepoa kama jiko la jana, na alikuwa amechoka kulala upande mmoja wa kitanda akiheshimu upande wa pili. Lakini hayo hakuyasema. Alifungua daftari, akasoma majina ya wateja, akaeleza upanuzi.

Mke alimsikiliza mpaka mwisho, akabana shati la mwisho kwenye kamba.

"Hongera. Na mlango?"

"Kesho," Mkurugenzi akasema.

Lilimtoka lenyewe. Alitamani alirudishe, lakini lilikuwa limeshafika. Mke alijifuta mikono kwenye khanga polepole.

"Hiyo kampuni yenu," akauliza, "anajiandikisha nani?"

"Yeyote mwenye fundi msumbufu."

"Nipe kadi."

Mkurugenzi alitembea kurudi nyumbani kifua mbele. Mkewe ameanza kupenda biashara! Alipiga mluzi njia nzima.

Asubuhi yake alimkuta Shangazi ameshafika, lakini hakuwa barazani kama kawaida. Alikuwa nyuma ya nyumba. Kiti kimekunjuliwa hatua moja kutoka kwenye zile mbao, mkoba magotini.

"Shikamoo, shangazi. Tumechelewa, fundi viatu anatungoja."

"Marahaba. Fundi viatu atangoja. Leo nina mteja."

"Mteja gani? Mbona mimi sina habari?"

Shangazi alikuwa kazini, na kazini haongei. Alimtazama mikono.

Mkurugenzi akacheka. Akasema hizi mbao bado hazijakauka vizuri. Akasema tatizo ni bawaba, siku hizi bawaba nzuri hazipatikani. Bawaba zilikuwa kwenye kopo juu ya dirisha, nne, na misumari yake. Akasema umeme, akakumbuka kwamba randa yake ni ya mkono. Alipofungua kinywa kutafuta msiba, akamwona fundi cherehani mbele yake kama alivyokuwa siku ile, redio inaimba pembeni, na aibu ikamshika kuanzia masikioni.

Akaenda kulisogeza gunia la viatu vya kushoto. Chini yake sanduku lilikuwa limeota kutu kwenye komeo. Akatoa randa, akainoa, akaweka ubao juu ya meza ya zamani, upande ule uliongoja, akasukuma. Ubao ukatoa nyuzi ndefu nyembamba, na ile harufu ikamjia puani. Miaka minne alikuwa anaikimbia harufu ile. Mlango wa siku moja unaweza kuwa mbaya, nani atakulaumu? Lakini mlango wa wiki nzima lazima uwe mzuri kidogo, na wa mwaka uwe mzuri zaidi, na huu wa miaka minne ulikuwa umeshakuwa mlango ambao hakuna binadamu angeweza kuutengeneza. Aliuogopa. Hiyo ndiyo siri ya kampuni zake zote: kila moja ilikuwa mahali pa kwenda ili asiwe nyuma ya nyumba yake.

Alifanya kazi mpaka shati likagandana na mgongo. Alikosea tundu moja la bawaba, akalijaza na kijiti na gundi, akatoboa upya. Wateja wawili walikuja kugonga mbele, hakuwasikia. Shangazi hakukohoa hata mara moja. Alasiri jua likiwa limeshuka ukutani, mlango ulisimama kwenye fremu yake. Chini ulikuwa unakwaruza kidogo, na kona moja ya juu mtu mwenye jicho angeona imeinama.

Shangazi akanyanyuka. Akaufungua, akaufunga, akaingia ndani, akasukuma komeo, akatulia humo kwa muda ambao Mkurugenzi aliuona mrefu kuliko miaka yote minne. Kisha akatoka.

"Kalamu chini," akasema.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, begi mkononi, mto kwapani. Ametoka saa ngapi kwa dada yake, hakuna aliyejua. Hakumsalimia mtu. Alimkabidhi Shangazi mto, akaingia bafuni, akafunga. Komeo likalia, maji yakaanza kumwagika kwenye ndoo. Mkurugenzi akajikuta anajifuta macho na mkono wenye vumbi la mbao, vumbi likaingia, ikabidi alie kweli.

Shangazi akakunja kiti chake.

"Baba," sauti ya mke ikatoka nyuma ya mlango, pamoja na maji.

"Naam, mke wangu."

"Na ile rafu ya jikoni?"

Mkurugenzi alifungua kinywa. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limezoea njia. Akatupa jicho pembeni. Shangazi alikuwa anakikunjua tena kile kiti.

"Leo," akasema, na akainama kuokota randa.