Folda ya Fundi Saa

Mjane wa fundi saa alifika mapema kuliko walivyomtarajia, akaketishwa kwenye kochi zuri, lile ambalo Shangazi haruhusu kila mtu alikalie. Alikuwa na flashi mpya, kaifunga kwenye ncha ya kitambaa kama mtu aliyebeba dawa ya mgonjwa. Chai hakutaka, soda hakutaka.

"Nimekuja kumchukua mzee wangu," alisema, akacheka kidogo. Shangazi naye akacheka, ili mgeni asicheke peke yake.

Aliyekuwa na mzee huyo, au tuseme sauti yake, ni Daktari. Udaktari wenyewe ulikuwa bado njiani, ila nyumba nzima ilishaanza kumwita hivyo tangu siku alipopata nafasi ya kusomea uzamivu, na mtaa ukafuata. Kazi yake ilikuwa kuzunguka wodini na majumbani na kinasa sauti, kuwarekodi watu waliopigwa na kiharusi wakijifunza upya kusema, tangu siku za kuguna mpaka siku ulimi unapofunguka. Fundi saa alianza kwa kuguna, akafika mahali pa kumtania Daktari kuhusu viatu vyake. Kisha kikaja kiharusi cha pili, na hicho hakikusubiri mtu awashe kinasa sauti.

"Nakuletea sasa hivi, mama," Daktari alisema, akaingia chumbani kuchukua kompyuta.

Meza ilikuwa tupu. Waya wa chaji ulining'inia peke yake.

Akachungulia sebuleni, akamwita Shangazi kwa ishara ya kichwa. "Kompyuta yangu iko wapi?"

"Kaondoka nayo Mjuaji. Anasema anakwenda chuo kukutengenezea jambo." Shangazi akamkazia macho. "Mbona umebadilika rangi?"

Mjuaji alikuwa mtoto wa Shangazi, mtu mzima na ndevu zake, ambaye hajawahi kukutana na kifaa akakiogopa. Redio ya jirani aliifungua akairudisha na skrubu zikabaki mkononi, akasema hizo ni za akiba. Kabla Daktari hajajibu, simu yake ikaita. Ni Mjuaji.

"Daktari! Usinifokee kwanza, nisikilize. Jana nilitaka kuingiza video ya mechi, kompyuta yako ikasema imejaa. Nikatazama nani anakula nafasi, nikakuta folda moja nene kama gunia. Nikaifuta."

"Folda gani?"

"Imeandikwa Sauti. Nikajua miziki."

Daktari akakaa kitandani. "Na pipa la taka?"

"Nililimwaga. Si unajua mimi na usafi." Mjuaji akakohoa. "Lakini tulia, bwana. Si wewe mwenyewe ulitutambia mezani kwamba hata nyumba ikiungua, chuo kina nakala ya kila kitu chako? Basi nimeona nikurekebishie kabla hujajua. Ndio nashuka hapa kituo cha chuo. Nikishika tu mtandao wao, vitu vitarudi vyenyewe. Aa, chaji inakata, nita…"

Ikakata kweli.

Daktari alivuta pumzi. Alitaka kumnyonga, lakini ndani ya hasira kulikuwa na ahueni: nakala ipo. Hilo hakulitamba bure. Kila akikaa maktaba na kompyuta yake, huduma ya chuo ilinakili kazi zake kimya kimya na kuzihifadhi kwenye mashine zao. Ilibaki kuuliza tu zinarudishwaje, tena haraka, maana mgeni alikuwa sebuleni na flashi yake. Akawapigia.

Simu ilipokelewa na fundi wa zamu, dada mmoja aliyekuwa akitafuna kitu.

"Naiona nakala yako," alisema. "Iko nzima, ya juzi. Tutakurudishia bila shida. Kompyuta yenyewe unayo hapo?"

"Inakuja huko. Binamu yangu anaileta aiunganishe na mtandao."

Kutafuna kukakoma. "Asiiunganishe."

"Kwa nini?"

"Dada, nisikilize. Kompyuta yako ikigusa mtandao wa chuo, huduma inaamka yenyewe. Inalinganisha kilichoko kwako na kilichoko kwetu. Ikikuta kwako folda haipo, inaamini umeifuta kwa kupenda, basi na huku inaifuta."

"Si mnatunza za zamani?"

"Kwa waliochagua. Wewe hapa umeweka alama: tunza nakala ya mwisho tu."

Daktari akakumbuka. Nafasi yake kwenye mashine za chuo ilikuwa imejaa, onyo lilimjia kila asubuhi kama mdai, akabofya kitu cha kwanza alichokiona ili likome. Hata hakukisoma hadi mwisho.

"Basi nisimamishie hiyo huduma, tafadhali!"

"Anayesimamisha ni wewe kwa paswedi yako, au mkuu wangu, naye yuko kikaoni na simu kazima. Jaribu kuingia kwa simu yako. Mimi nakimbia kumtoa huko ndani."

Paswedi! Aliyeikariri alikuwa kompyuta, si yeye. Akajaribu jina la mama yake na mwaka wake wa kuzaliwa. Hapana. Akaongeza alama ya mshangao mwishoni. Hapana. Akaanza na herufi kubwa, na ukurasa ukamfungia nje, ukamwambia afike ofisini na kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kwenye mfuko wa begi la kompyuta, begani kwa Mjuaji, pale kituoni.

Akampigia Mjuaji. Haipatikani. Akapiga tena, kana kwamba ile sauti ya haipatikani ingemwonea huruma. Angekodi pikipiki? Kutoka kituoni hadi getini ni mwendo wa mtu kumaliza muwa, na Mjuaji alikuwa na miguu mirefu. Waifai ya chuo inaanzia pale pale getini.

Sebuleni Shangazi alikuwa amefungulia maneno kama bomba. Alikuwa amefika kwenye habari za jirani aliyenunua friji kubwa ikagoma kuingia mlangoni, na bado anasimulia, lakini jicho moja lilikuwa kwa Daktari aliyesimama mlangoni na simu mkononi.

Mjane aligeuka. "Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, umeme tu unamsumbua," Shangazi akadakia.

"Nimekuuliza wewe?" Mjane alisema kwa upole. "Mwanangu, sema."

Daktari angeweza kusema mashine imeharibika, njoo wiki ijayo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza, akapiga magoti mbele ya kochi zuri, akaeleza yote: mechi, folda, pipa la taka, nakala iliyoko chuoni, na mtu aliyekuwa akitembea kwenda kuiua akidhani anaiokoa. "Akifungua tu kompyuta ndani ya geti, mama, mzee hayupo tena."

Shangazi akashika kichwa. "Mtoto huyu! Nilimzaa au nilimwokota?"

Mjane hakulia. Alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Geti lipi?"

"Kubwa, la mbele."

Akafungua pochi, akatoa simu ya zamani yenye vitufe, kioo kimepasuka. "Hii ni yake. Wateja wake wote wamo humu. Tatizo moja tu, hakuandika jina la mtu hata siku moja. Aliandika saa." Akaanza kushuka kwenye orodha, midomo ikicheza. Shangazi alijisogeza, maana mambo ya simu ya mtu mwingine hayampiti. Kioo Kimekwaruzwa. Dhahabu ya Uongo. Haiingii Maji. Inachelewa.

"Huyu," mjane alisema. "Inachelewa. Mlinzi wa geti kubwa. Kila mwezi alikuja dukani na saa ile ile, akilalamika mkuu wake anamgombeza."

Akapiga, akaweka spika. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, kisha ikakatwa upande wa pili.

"Anakata!" Daktari alilia. "Kwa nini anakata?"

Shangazi ndiye aliyeng'amua. "Jamani, si ameona jina? Fundi saa anapiga. Marehemu anapiga! Hata mimi ningeitupa chooni."

Mara ya tatu simu ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema. Kulisikika pumzi tu.

"Mlinzi," mjane alisema, "acha woga. Ni mimi, mke wake."

"Mama!" Sauti ilishuka kama mtu aliyetua mzigo. "Mama, umeniua. Nimeshatubu hapa dhambi zote."

"Utatubu baadaye. Kuna mtu anaingia hapo na begi la kompyuta. Mzuie asiifungue."

"Mrefu," Daktari akaingilia, "ana jezi ya njano, anatembea kama mwenye chuo!"

"Jezi ya njano…" Mlinzi akageuka kutazama. "Keshapita. Amenisalimia vizuri tu. Yule pale, kakaa benchi la maktaba. Ndio anafungua."

"Kimbia!" wakasema wote watatu kwa pamoja.

Walisikia viatu vizito, funguo zikigongana, pumzi ya mtu ambaye hajakimbia siku nyingi. Halafu: "Wewe! Jezi! Funga hiyo!" Kisha Mjuaji, mbali, amekasirika: "Mimi si mwizi, kaka, ya ndugu yangu hii, muulize mama yangu!" "Funga nimesema!" "Subiri, iko katikati ya kazi, ukiikatisha utaharibu…" Kukawa na vurugu, kitu kikabamizwa, na laini ikafa.

Mjane alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili.

Iliyoita ni simu ya Daktari.

"Mkuu nimemtoa kikaoni, kasimamisha," fundi wa zamu alisema akihema. "Lakini ilishaanza kufuta. Njooni tuone kilichobaki."

Walikwenda wote. Ofisini kulikuwa na baridi ya mashine na viti visivyotosha. Mjuaji alisimama kwenye kona, jezi imechanika bega, amekumbatia begi kama mtoto mchanga. Mlinzi alikuwa mlangoni, akijifanya analinda.

"Nilidhani…" Mjuaji alianza.

"Usidhani kitu," Shangazi akamkata. "Pumzika kudhani."

Daktari alipanga folda zake kwa kazi za wagonjwa, ili asitaje majina yao, na huduma ilifuta kwa kufuata herufi. Fundi wa zamu alishuka na kidole kwenye kioo. Dereva, hayupo. Fundi Bomba, hayupo. Fundi Saa, akasita, ilikuwa imemegwa: rekodi za mwanzo hazipo, za mwisho zipo. Mwalimu na waliomfuata walikuwa wazima.

Daktari alikaa. Dereva na fundi bomba walikuwa hai, wanaongea vizuri, angeweza kwenda kwao hata kesho. Lakini kazi yake nzima ilikuwa safari ya kutoka kuguna hadi kusema, na huwezi kumwomba mtu asahau tena kusema ili umrekodi. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Mama, nisamehe," alimwambia mjane. "Za mwanzo zimekwenda."

"Za mwanzo nilikuwepo," mjane alisema. "Nilimfuta mate mwenyewe. Nipe za mwisho."

Fundi wa zamu hakurudisha chochote kwenye kompyuta ya Daktari. Alifungua folda mpya kwenye mashine yake, akazirudishia humo rekodi zilizobaki, akasubiri mstari wa kijani ujae, akafungua rekodi ya mwisho kabisa. Ilikuwa ya siku ambayo mjane alikuwa ametoka kwenda kuchukua dawa.

Sauti ya Daktari ikatoka: "Na kwenye picha hii, huyu nani?"

Kimya. Pumzi. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, inayopanda maneno kama ngazi: "Huyo… mke wangu. Mwambie… arudishe… bisibisi yangu… ndogo."

Mjane alijiziba mdomo. Mabega yalimtikisika, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au ni kile kingine, labda hata yeye.

"Iko jikoni," aliiambia kompyuta. "Nafungulia kopo la sukari. Iko jikoni, mzee." Kisha akafungua fundo la kitambaa, akaweka flashi mezani. "Rudia kwanza."

Mjuaji, aliyekuwa karibu na meza, akanyoosha mkono kusaidia.

"Usiguse!" wakapiga kelele wote, hata mlinzi.