Kifuniko Cheupe Juu

Mwanajiolojia yule alikuwa na wake wawili: mama wa watoto wake, ambaye ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na tope. Maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya mkewe mwenyewe, aliyeyasema mbele ya wageni bila kupepesa macho, akiongeza kwamba mke mwenza huyo hajawahi kumsumbua isipokuwa kwenye makola ya mashati. Kazini walimwita Bwana Tope, na hawakumwita hivyo kwa dharau.

Tope lenyewe halikuwa la barabarani. Lilitoka kwenye sakafu ya bahari, mita elfu tano na ushei chini ya maji, mahali ambapo mwanga wa jua haujawahi kufika. Ndani yake mlikuwa na meno ya samaki, madogo kuliko punje ya chumvi, yaliyodondoka kutoka juu kwa mamilioni ya miaka na kufyonza majini zile metali adimu ambazo viwanda huzitafuta kwa ajili ya sumaku na taa. Alipoanza kazi, wakubwa walimwambia hadharani kwamba anapoteza ujana wake kwa kuchambua uchafu. Hakubishana nao. Alikaa kwenye hadubini, akachambua jino moja moja, na katika mwaka wa tisa akawawekea mezani tabaka jeusi lenye metali hizo kwa wingi ambao hapakuwa na mtu wa kuucheka. Tabaka hilo lilitoka katika bomba la kumi na saba, kipande cha nne.

Bomba lililokitwa kwenye sakafu ya bahari likajaa tope, likipandishwa sitahani, hukatwa vipande vya mita moja moja, na kila kipande huzibwa: kifuniko cheupe upande wa juu, cheusi upande wa chini. Aliyekata huandika herufi za jina lake kwenye utepe. Ni kazi ya dakika moja, lakini tope halina kichwa wala miguu. Likigeuzwa, litadanganya miaka nenda rudi, tena kwa upole. Ndiyo maana tangu msafara wake wa kwanza Bwana Tope alibandika kanuni kwenye mlango wa chumba cha baridi, tope linakotunzwa: atakayegeuza kipande hatapanda meli safari inayofuata.

Kanuni hiyo ilimkuta mtu mmoja tu, fundi wa sitaha, hodari kuliko wote. Fundi aligeuza kipande baada ya kukesha siku mbili akitengeneza winchi ya kupandishia mabomba, na hakuna aliyedhani ataadhibiwa. Akaadhibiwa. Alibaki nchi kavu miezi mitatu, na aliporejea hapakuwa na aliyemshinda kwa uangalifu. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu hapo, na Bwana Tope hakuwahi kuomba radhi, wala Fundi hakuwahi kudai.

Sasa Bwana Tope alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na meli ilikuwa inarudi, kwa mara ya kwanza, mahali pale pale pa bomba la kumi na saba. Kiongozi wa msafara alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mkimya ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kisu cha kupasulia tope. Jina la Bwana Tope lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Hakuwa na haja ya sherehe ya kuagwa. Alichotaka ni kusimama sitahani na kuliona tabaka lake likipanda kwa mara ya pili. Mkewe alikwisha kumnunulia koti zito la baharini, la buluu, akisema kwamba angalau mke mwenza atamwona akiwa nadhifu.

Wiki tatu kabla ya safari, mwanafunzi wake alimwita kwenye chumba cha baridi. Kila kipande hupasuliwa kwa urefu, nusu ya kuchunguzwa na nusu ya kutunzwa bila kuguswa, naye alikuwa amefungua nusu ya kutunzwa ya kipande cha nne, bomba la kumi na saba, ili aipige picha.

“Mwalimu,” alisema, “naomba uangalie hapa, halafu uniambie kwamba nimekosea.”

Bwana Tope akainama. Minyoo wa baharini huchimba kwenda chini, wakiburuta rangi ya tabaka la juu na kuiingiza katika tabaka lililo chini yake. Hapa vijishimo vyao, vyeusi ti, vilitoka kwenye tabaka jeusi vikapanda kuelekea kifuniko cheupe. Minyoo hao walikuwa safarini kwenda mbinguni.

“Hujakosea,” alisema.

Akafuta ukungu kwenye utepe kwa kidole gumba. Herufi zilikuwa zake yeye mwenyewe.

Hesabu ya kipande kilichogeuzwa haikuhitaji karatasi. Tabaka alilolitangaza kuwa katika kina cha mita tatu na sentimita ishirini chini ya sakafu lilikuwa, kwa kweli, katika mita tatu na sentimita themanini. Chombo kipya cha kukita bomba kilikuwa kimetengenezwa kifike mita tatu na nusu. Meli ingekwenda, ingekita chombo chake, na ingerudi na tope tupu, sentimita thelathini tu juu ya kazi yote ya maisha yake.

Mwanafunzi wake akasema kwa sauti ya chini kwamba bomba linaweza kurefushwa ndani ya wiki moja, na kwamba vipimo hubadilishwa kila siku bila mtu kuulizwa sababu. Bwana Tope alimwelewa, akamshukuru, na kesho yake asubuhi akasimama mbele ya kikao kizima. Alisoma marekebisho yake kwa sauti ile ile aliyosomea ushindi wake: bomba, kipande, kina cha zamani, kina sahihi, jina la aliyekosea. Kisha akaomba orodha ya safari, akatoa kalamu, na kukata jina la kwanza.

“Mwalimu,” alisema mwanafunzi wake, “kanuni hiyo uliiweka wewe. Unaweza kuiondoa.”

“Ndiyo maana siwezi.”

Fundi, aliyekaa karibu na mlango, alimfuata ukumbini baada ya kikao, akatembea kando yake.

“Mimi safari ile nililala nyumbani nikihesabu nyufa za dari,” alisema. “Zilikuwa arubaini na moja. Za kwako zikizidi, tafuta fundi mwingine azizibe, maana mimi sitakuwepo.”

“Nenda ukazibe vipande vyangu,” alisema Bwana Tope, akampa mkono. Fundi aliushika muda mrefu.

Mkewe alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akalitundika koti nyuma ya mlango. Akasema hatalirudisha dukani, kwa kuwa mume wa namna hiyo anastahili koti hata kama hana pa kulivalia.

Siku ya ishirini na tatu ya safari, saa nne asubuhi, simu ya ofisini ililia. Sauti ya mwanafunzi wake ilikuwa mbali, na nyuma yake upepo ulivuma.

“Mita tatu na sentimita themanini na moja, Mwalimu. Jeusi kama masizi.”

Bwana Tope aliandika tarakimu hizo kabla ya kujibu.

“Nani amekata?”

“Mimi.”

“Nani amehakiki vifuniko?”

“Fundi. Mara tatu. Ananiambia nikueleze kwamba hakulala, lakini macho anayo.”

Akawaambia wafanye kazi. Kisha akalichukua koti, ambalo alikuwa amelileta kazini wiki iliyotangulia bila kumweleza mtu, akalivaa, akafunga vifungo vyote na kuingia kwenye chumba cha baridi. Aliteremsha kipande cha nne cha bomba la kumi na saba. Aliondoa vifuniko viwili, akavibadilisha nafasi, cheupe mahali pa cheusi. Herufi za zamani hakuzifuta. Alibandika utepe mpya chini yake, akaandika tarehe ya siku hiyo, na kando ya tarehe akatia tena herufi zile zile, kubwa zaidi.