Siku Nilipoihama Mita ya Christella

Mwanangu Keith yuko Leeds, Uingereza, mwaka wa nne sasa, na kila Jumapili jioni ananipigia simu kunisimulia mambo ya huko yatakayoninyima raha wiki nzima. Jumapili moja akaniambia amehama kampuni ya umeme na gesi. Nikamuuliza amehamaje, amepata nyumba nyingine? Akacheka. Nyumba ni ile ile, nyaya ni zile zile, ila sasa anamlipa mwingine mwenye bei nafuu, na mwaka ukiisha atakuwa amebakiza pesa za kuninunulia cherehani mpya.

Hiyo cherehani hata sikuisikia vizuri. Akili yangu ilibaki kwenye kuhama.

Hapa Kigali utamhama nani? Gesi sawa, ukikorofishana na muuza mitungi unavuka barabara unakwenda kwa mwenzake. Lakini umeme ni mmoja, ukiupenda usiupende. Nilikaa nikiwaza hivyo, macho yameganda ukutani, na nyuma ya ukuta ule friji ya Christella ikaanza kunguruma. Hapo nikamjua wa kumhama.

Mimi na Christella tunapanga kwa mzee Kalisa, Biryogo, njia nyembamba ya nyuma ya msikiti, chumba changu na chake vimegusana. Mzee Kalisa aliweka mita moja ya kashipawa, umeme wa kulipia kabla, kwa vyumba vyote viwili, akaifunga kwa Christella kwa sababu chake ndicho cha mbele. Umeme ukikaribia kuisha mita inalia, Christella ananigongea: "Mama Keith, umeme unaisha." Namkabidhi faranga elfu tano, anaongeza yake, ananunua kwa simu na kubonyeza zile namba. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote, bila neno.

Sasa niulizeni mimi natumia nini. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, haijui umeme ni kitu gani. Nina taa mbili, redio, na pasi kidogo. Mwenzangu anauza jwisi ya marakuja, ana friji inayonguruma usiku na mchana. Nilikuwa nalala naisikia, naona kabisa pesa zangu zinatafunwa.

Mimi neno silifichi moyoni likachacha. Kesho yake nikamfuata, nikamkuta anakata marakuja. "Christella, friji yako inanila."

Akaweka kisu chini. "Inakula, mama?"

"Inanila mimi na mifupa yangu. Nusu kwa nusu hii haiko sawa."

Hakubisha. Alisema ataizima usiku. Akaizima kweli, na baada ya siku nne nikamwona anamwaga ndoo nzima ya jwisi mtaroni, imeharibika. Niliona uchungu, nisiseme uongo. Lakini umeme ulipokwisha siku zile zile za kila mara, uchungu ukaniisha. Nikamwambia pale uani, majirani wanasikia, kwamba mimi nikilala yeye huiwasha tena.

Christella akajifuta mikono kwenye kitenge. "Basi omba mita yako, Mama Keith," akasema. Halafu akauliza polepole, "Lakini una hakika?"

Nikajisemea, tazama anavyoogopa, ng'ombe wake wa maziwa anaondoka.

Mzee Kalisa alikubali, mradi gharama niibebe mwenyewe. Nikaomba, nikangoja wiki tatu, akaja fundi mmoja mpole anaitwa Mugenzi akanifungia mita yangu juu ya cherehani. Na mambo yalikuwa yamejipanga vizuri, kwa sababu mwezi huo huo nilipata kazi ambayo sijawahi kuipata tangu niguse sindano: mashati themanini ya shule moja ya chekechea kule Gisimenti. Mwalimu mkuu, madamu Ingrid, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mashati anayataka Jumatatu saa moja asubuhi, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Yakifika hivyo, sare za shule nzima kila mwaka ni zangu. Yasipofika, wako mafundi wengi mjini.

Kwa mtu wa umri wangu hiyo ilikuwa ni kodi ya nyumba na ugali mpaka nizeeke. Sikutaka kuipoteza.

Nikaweka umeme wa elfu tano. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: elfu kumi zetu wawili zilikuwa zinakaa wiki mbili pamoja na friji, kwa hiyo elfu tano zangu peke yangu bila friji zitafika mwezi, pengine na chenji. Tena wanasema yuniti za kwanza za mwezi zina bei nafuu, ukizidisha ndipo bei inapanda. Keith alipopiga nikamwambia nami nimehama, na mambo ni mazuri.

Umeme uliisha siku ya sita.

Nilimpigia Mugenzi simu kwa sauti ambayo nadhani aliisikia bila simu. Akaja, masikini, akafungua, akapima, akafunga. "Mita iko sawa, mama. Hakuna kibazo."

"Mita yenu ina njaa. Irudisheni mlikoitoa."

"Humu ndani nini inatumia umeme?"

"Taa mbili, redio, na pasi kidogo."

Akaitazama pasi. Akayatazama mashati yaliyopangwa mpaka dirishani. Akajikuna kichwa. "Hiyo pasi, mama, inawaka siku nzima?"

"Baba, mimi nilikufundisha kufunga mita?" nikamuuliza. Akakusanya vyombo vyake akaenda zake.

Nikatia elfu tano nyingine, ya mwisho, kwa sababu pesa yote ilikuwa kwenye vitambaa na vifungo, na shule inalipa ikipokea mzigo. Jumapili nikatoka misa ya kwanza, nikabadilisha nguo, nikaanza kupiga pasi. Alasiri imeshaadhiniwa, redio ikakata katikati ya habari. Mita ilikuwa inaandika sifuri. Nikayahesabu mashati, yamebaki ishirini na mawili.

Nilikaa na ile pasi mapajani ikiwa bado moto. Nifanyeje? Mukasine, fundi wa njia ya pili, ana pasi ya mkaa, lakini mashati ni meupe, cheche moja tu nimekwisha. Nimwombe Keith pesa ya umeme, kwa mdomo upi, huu uliomwambia mambo ni mazuri? Mzee Kalisa alikuwa Gahanga kwa mwanawe. Na Christella nilikuwa sijazungumza naye wiki tano zaidi ya salamu, tena salamu zenyewe za kwenye lango. Nikaona kabisa kazi ya madamu Ingrid inaniponyoka, na sikuwa na wa kumlaumu ila mita.

"Hodi, Mama Keith."

Christella alikuwa dirishani. Ameshika mkononi soketi ya ekstensheni, waya wake umetoka dirishani kwake umeburuzwa mpaka kwangu.

"Nimesikia redio imenyamaza," akasema. "Na kesho si ndiyo siku ya mashati? Chukua, chomeka pasi."

"Christella, sina hata faranga ya kukupa."

"Nimekuomba faranga?"

Nikapokea. Nilichomeka pasi, ikawaka, nikapiga pasi mashati matano bila kuinua kichwa kwa aibu. Kwenye la sita ndipo nikagundua kitu. Kulikuwa kimya. Nyuma ya ukuta hapakunguruma kitu chochote. Christella ana soketi moja tu chumbani kwake, hiyo naijua, na ili waya wangu upate nafasi alikuwa amechomoa friji, na mle ndani mlikuwa na jwisi yote ya kuuza Jumatatu.

Nikaiacha pasi imesimama pale pale juu ya meza, nikatoka kwenda kumwambia arudishe friji yake, mashati nitajua la kufanya. Nilimkuta amekaa kwenye kreti ya soda anamenya marakuja. Mita ilikuwa juu ya kichwa chake. Miaka yote ile sikuwahi kuitazama vizuri, maana mimi nilikuwa natoa pesa mlangoni narudi kwenye kazi. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinapepesa mbio, hakipumziki.

"Friji umeizima?"

"Nimeizima."

"Sasa hiyo mita inakimbilia wapi?"

Aliendelea kumenya.

Nikarudi chumbani kwangu nikaichomoa pasi. Nikaja tena kwa Christella, kitaa kimetulia, kinapepesa mara moja, kinangoja, kinangoja, halafu tena. Nikarudi nikaichomeka, nikaja mbio, kitaa kinaruka kama mahindi kwenye kikaango. Nilifanya hivyo mara tatu, mwanamke wa miaka hamsini na saba na magoti yangu haya, naingia natoka, majirani wanachungulia. Mara ya nne nikaichomoa kabisa. Nikaja nikachomoa waya, nikachomeka friji kwa mkono wangu mwenyewe na kusimama mbele ya mita. Ikanguruma kwa sauti ile iliyoninyima usingizi, na kitaa kikapepesa taratibu, kwa heshima zake zote.

Mla umeme wa nyumba ile alikuwa mimi.

Nikakaa sakafuni. "Christella, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama. Mita iko kichwani kwangu. Ukianza kupiga pasi namba zinashuka nikiziona."

"Na ile nusu kwa nusu?"

Akatabasamu kidogo, macho yako kwenye marakuja. "Nusu yako ilikuwa haitoshi. Nilikuwa naongeza."

"Ukamwaga ndoo nzima ya jwisi, nikakutukana mbele za watu, na hukufungua mdomo. Kwa nini?"

Hapo akaweka kisu. "Nilipofika hapa kutoka Bujumbura nilikuwa na sketi moja. Unakumbuka?"

Sikukumbuka, nasema kweli.

"Ile ya bluu. Kila jioni naifua, kila asubuhi naivaa natoka kutafuta kazi. Siku ya pili nikaikuta imetolewa kambani, imepigwa pasi, imekunjwa, iko juu ya kiti mlangoni kwangu. Kesho yake hivyo hivyo. Miezi mitatu, Mama Keith. Hukuniuliza mimi ni nani, hukuniuliza nimekimbia nini, hukutaja umeme. Kila nilipoingia kwenye ofisi ya mtu niliingia kama mtu." Akanyoosha kidole ukutani, upande wa chumba changu. "Na pasi ni hiyo hiyo. Mimi siwezi kuihesabia umeme pasi ile."

Nililia, tena si kilio cha kufutia pembe ya kitenge. Nilimshika miguu nikamwomba msamaha, kwa friji, kwa jwisi, kwa yale maneno ya uani. Alinivuta mkono niinuke, akasema nisimchekeshe, ana mikono ya marakuja. Halafu akachomoa friji tena, akachomeka waya wangu, akanifuata chumbani. Mimi nikapiga pasi, yeye akanawa mikono akakunja. Magharibi haijaingia, mashati themanini yalikuwa yamepangwa mezani, na friji imesharudi kunguruma.

Jumatatu saa moja kasorobo nilikuwa Gisimenti. Madamu Ingrid alichukua shati la katikati ya mzigo, si la juu, mjanja yule, akapitisha kidole gumba kwenye kola. "Tutaonana kwenye sare za mwaka ujao, maman," akasema, akanilipa.

Kabla sijapanda gari la kurudi nikasimama pembeni nikanunua umeme kwa simu. Haukuwa wangu. Namba ya mita ya Christella naijua kwa kichwa, miaka yote nilikuwa namsikia nyuma ya ukuta akiisoma kwa sauti akinunua. Nikaweka elfu kumi na tano. Kufika nyumbani nikamkuta mlangoni na simu mkononi, amekunja uso, anataka kunirudishia. Nikamwambia ajaribu aone.

Siku hizi napiga pasi kwa mpango: nakusanya nguo, nachomeka mara moja, namaliza, nachomoa, siiachi tena ikiwaka huku napiga soga na wateja. Umeme wangu bado unaisha mapema, ndiyo kazi yenyewe. Aliyebakiza pesa kwa mimi kuhama ni Christella. Elfu tano yake sasa inafika mwisho wa mwezi, friji haizimwi, na ameongeza jwisi ya nanasi. Kila nikiiona ile friji imejaa namshukuru Mungu, kwa sababu kama si yeye kunivumilia, mdomo wangu ungemfanya aiuze.

Jumapili iliyopita Keith akapiga, kama kawaida yake. "Mama, tangu umehama mita umebakiza faranga ngapi?"

Nikamwambia asikate simu. Nikatoka nje, nikamwekea Christella simu sikioni, mikono yake imejaa maji ya nanasi, nikasema kwa sauti Keith asikie: "Mwambie dada yako asante."

"Asante ya nini, mama?" sauti ya Keith ikatoka mle simuni.

"Wewe sema kwanza, halafu nitakueleza."