Sanda Yangu na Pointi ya Silvesta

Mwenye mtoto anayecheza tenisi ya kulipwa asome haya mpaka mwisho. Asiye naye asome vilevile, maana hata mimi sikuwahi kudhani nitakuwa naye.

Mwanangu Fikirini ana miaka ishirini na minne na kazi yake ni kushindwa. Sisemi kwa kumdharau. Anasafiri, anashindwa, anarudi, anafua kaptula zake nyeupe, anazianika kwenye kamba yangu, zikikauka anasafiri tena. Ameshindwa Nairobi, ameshindwa Kigali, ameshindwa Lusaka, na kuna mji mmoja wa Misri ameshindwa mara tatu mfululizo. Watu wa Bungu wanasema kijana wa Rukaya ameiona dunia. Ameiona kweli. Dunia ndiyo haijamwona.

Maana kuna orodha. Wachezaji wa ulimwengu mzima wameandikwa humo kwa namba, na ili jina lako liingie hata mkiani kabisa, lazima uwe na pointi. Si kumi, ni moja. Upite kwanza kwenye mchujo, halafu ushinde mechi moja tu ya mashindano yenyewe, hata yale ya daraja la chini ambayo watazamaji wake ni mlinzi na mama wa chai. Hiyo pointi moja mwanangu ameitafuta miaka minne. Kila akiukaribia mlango, unafungwa.

Kosa la kwanza ni la Mwalimu Zefania, aliyeletwa Bungu kufundisha hesabu akaja na raketi mbili kuukuu. Msimu wa korosho ukiisha, ghala la ushirika hubaki tupu, sakafu ya saruji, laini kama kiganja. Mwalimu akachora mistari kwa chokaa, akafunga wavu mbovu wa kuvulia samaki katikati, akaita watoto. Wenzake Fikirini walichoka wiki ya pili. Yeye hakuchoka, maana mkono alikuwa nao tayari. Tangu ana miaka saba nilimpandisha kwenye dungu, kijukwaa cha miti shambani, kuamia ndege wasile mpunga, anazungusha kombeo kutwa nzima, na jiwe likitoka huko ndege wa shamba la jirani nao wanahama. Mwalimu alipomwona akiupiga mpira wa kuanzia, aliuliza, "Huyu nani kamfundisha?" Nikajibu kwa majivuno, "Mimi." Kwa hiyo kosa la pili ni langu.

Sasa nije kwenye lile la tatu, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa mwezi wa tano, mpunga umeanza kushika punje. Shamba langu liko bondeni, upande wa Mkongo, na wakati huo nahamia kabisa, nalala juu ya dungu. Dungu linalofuata langu ni la Kudra, jirani yangu wa Bungu na wa bondeni pia, mwanamke ambaye nimeshindwa kumkimbia. Tunaamia ndege huku tunaongea kwa kupaza sauti, dungu kwa dungu, kwa hiyo bonde zima linajua mambo yetu.

Jumatatu jioni Fikirini akapiga simu kutoka Nairobi. "Mama, nimeshindwa raundi ya mwisho ya mchujo."

"Pole, baba. Unarudi lini?"

"Sirudi bado. Nasubiri."

"Unasubiri nini, na umeshindwa?"

Akanieleza. Walioshindwa raundi ile ya mwisho huandikwa kwenye orodha ya kusubiri. Kila asubuhi kabla mechi hazijaanza unakwenda mwenyewe kutia sahihi kwamba upo. Mmoja wa waliopita akiugua au akijitoa, wa kwanza kwenye orodha anachukua nafasi yake. Kura ilikuwa imemtupa Fikirini wa kwanza. Wa pili alikuwa Silvesta, kijana wa Singida anayelala naye chumba kimoja. Kusubiri ni Jumanne na Jumatano tu, basi.

Nikasema sawa, lakini haikuniingia. Kwetu watu wakicheza bao, aliyefungwa anainuka anampisha mwenzake, anakwenda zake nyumbani akanywe maji. Hakai pembeni kuombea mtu aumwe tumbo.

Jumanne asubuhi Kudra akaniuliza kutoka kwenye dungu lake, "Mwanao kashinda?"

"Kashindwa."

"Basi yuko njiani."

"Hayuko njiani. Anasubiri."

Kudra akarusha jiwe lake kwanza. "Mwenzangu, mwanaume kashindwa, yuko mji wa watu, harudi. Anasubiri. Hivi hicho anachokisubiri huko kina nywele za kusuka au?"

Wanawake wa madungu ya mbali wakacheka. Mimi nikacheka pia, ili nisionekane sijacheka. Halafu Kudra akafunga mzigo wake, akapanda bodaboda kurudi Bungu kufuata unga, akaniacha na maneno yake na ndege.

Mchana kutwa yalinizunguka kichwani. Nikawaza mwanamke, nikawaza polisi, nikawaza amelazwa ananificha. Ilipofika alasiri nikashuka, nikaenda kwa kaka yangu Mwinyimvua pale Mkongo.

"Kaka, mwite mpwao arudi."

"Nimwite niseme nini? Yuko kazini."

"Mwambie naumwa."

Mwinyimvua akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. "Si umwambie mwenyewe?"

"Mimi siwezi kumdanganya mwanangu," nikasema. Nikaiweka ndoo chini, nikazima simu yangu, ili asije akanipigia kunihoji, sauti yangu ikanisaliti.

Basi kaka akapiga, mimi nimekaa pembeni nasikiliza. Naye, kwa kuwa ni mtu mpole na hakutaka kumtia kijana hofu, akachagua maneno taratibu. "Fikirini, mpwangu. Hujambo? Sikiliza. Mama yako anaumwa kidogo tu. Njoo nyumbani."

Halafu nikasikia sauti ya mwanangu, ndogo. "Kidogo vipi, mjomba? Nipe niongee naye."

"Wewe njoo tu. Usiwaze njiani. Umshukuru Mungu kwa kila jambo."

Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Sisi hatukuelewa, na tumezaliwa huku huku. Hakuna mtu wa pwani aliyewahi kupigiwa simu akaambiwa waziwazi kwamba mama yake amefariki. Anaambiwa anaumwa kidogo, njoo. Hata mimi baba yangu alipokufa niliambiwa ana mafua. Mwinyimvua mwenyewe ameshapiga simu za namna hiyo zaidi ya kumi, ndiyo maana yalimtoka vizuri hivyo. Fikirini akapiga simu yangu, imezimwa. Akapiga mara ya pili, imezimwa. Akafungasha raketi zake, akapanda basi la jioni hiyo hiyo.

Sahihi ya Jumatano asubuhi hakuitia.

Alifika Bungu Jumatano alasiri, akashuka stendi na begi lake refu, macho yamevimba. Kudra alikuwa wa kwanza kumwona.

"Fikirini, kulikoni?"

"Nimeitwa," akasema. "Mama."

Kwa neno hilo Kudra akajishika kichwa. "Jana nimemwacha mzima," akalia. "Jana tumecheka." Watu wakasikia, na hilo ndilo likawahakikishia kwamba ni kifo cha ghafla, tena cha shambani, na maiti iko njiani inaletwa. Kabla mwanangu hajafika mlangoni, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Masufuria yakaazimwa. Nazi zikaanza kukunwa. Abdulazizi mwenye duka la nguo, mtu mgumu ambaye hata pini hakupi bila kuuliza ya nini, siku hiyo akachana sanda yangu kamili kutoka kwenye jora jipya, akaileta mwenyewe, ameikunja vizuri mkononi.

Mmoja akampigia Mwinyimvua kuuliza tunafika saa ngapi. Kaka akasikia vilio nyuma ya simu, hakungoja swali. Akaja mbio bondeni. "Rukaya, shuka. Kuna msiba nyumbani kwako. Fikirini yuko hai, nimemsikia analia."

"Kafa nani?"

"Sijui. Ni nyumbani kwako."

Nyumbani kwangu naishi mimi na mwanangu tu. Hesabu hiyo hata darasa la tatu wanaiweza, lakini kwenye bodaboda sikuiweza. Nikamlilia dada yangu wa Kilwa, labda alikuja kunitembelea akafia kwangu. Nikamlilia shangazi. Tulipofika kwenye kona ya msikiti nilikuwa nimeshafunga kanga kiunoni, nalia kwa sauti. Nimefika msibani kwangu nalia kuliko wote.

Wakanipisha. Mwanamke mmoja, sina uhakika kama alinitazama usoni, akanishika bega akaniambia, "Pole, mama. Ni njia yetu sote." Nikaendelea mpaka kizingitini. Kudra akainua kichwa. Akaacha kulia katikati ya neno.

"Rukaya?"

"Kafa nani?" nikauliza.

Fikirini alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Akainuka polepole, akaja, akanishika mkono, akaugeuza akautazama kiganja kama mtu anayekagua mpira. Halafu akamtazama mjomba wake.

"Mjomba ulisema anaumwa kidogo."

"Nilisema hivyo hivyo," Mwinyimvua akasema. "Kidogo. Wala sikusema zaidi."

"Na mama ulikuwa unaumwa nini?"

Msiba mzima ukanisikiliza. Nikasema, "Nilikuwa na wasiwasi."

Mzee mmoja akakohoa. Wali ulikuwa umeshaiva, ukaliwa. Watu wakanipongeza kwa uhai wangu na kuomba waongezewe mchuzi. Nikamrudishia Abdulazizi sanda yake, akarudi nyuma hatua mbili. "Bibie, sanda ikishachanwa hairudi dukani. Nimwuzie nani nguo iliyokatwa kwa kimo chako?" Ninayo sandukuni mpaka leo, haijapungua hata uzi.

Watu walipokwisha kutawanyika, simu ya Fikirini ikaita. Alikuwa kisimani anaoga, nikapokea mimi.

"Fikirini, kaka, pole sana na msiba." Alikuwa Silvesta.

"Fikirini anaoga. Mimi mama yake."

Akauliza taratibu, "Mama yake mdogo?"

"Mama yake mzazi, Silvesta. Sijafa. Ni maneno marefu. Habari za huko?"

Maskini, mtoto yule hana hila, akanisimulia yote kama yalivyo. Asubuhi ya Jumatano mchezaji mmoja wa kutoka Ufaransa alikula kitu kikamkataa, akajitoa. Wakaitwa wa orodha. Wa kwanza, Fikirini, hakuwepo, hakuna sahihi. Akaingizwa wa pili. Silvesta akacheza na mtu anayemzidi kila kitu, akawa anapigwa kama ngoma, na kwenye seti ya pili yule bwana akateguka kifundo cha mguu, akampa mkono, akatoka anachechemea. Mwamuzi akamtangaza Silvesta mshindi. Pointi moja.

"Niliinua kidole juu, mama," akasema. "Nilisema hii ni kwa ajili ya marehemu."

"Ahsante, mwanangu," nikasema.

Fikirini alipotoka kisimani nikamweleza. Nilitaka anifokee. Nilikuwa nimejiandaa, hata majibu ninayo. Yeye akajifuta kichwa, akauliza, "Mfaransa alijitoa saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro asubuhi."

"Ningekuwepo," akasema. Akaanika taulo.

Kesho yake akaja nami bondeni. Siku nne tuliamia ndege pamoja, yeye na kombeo lake la utotoni. Hakukosa hata kundi moja. Kudra kwenye dungu lake siku hizo hakuongea. Bonde lilikuwa kimya mpaka ndege wenyewe wakashangaa. Siku ya nne Fikirini akaniambia bila kunigeukia, "Mama, mimi nikishindwa nikakaa, ndipo kazi inapoanza. Wenye pesa wakishindwa wanapanda ndege wanakwenda kwingine. Mimi nasubiri. Ukinitoa kwenye kusubiri hujaniachia kitu."

Ndiyo haya ninayowaandikia. Mtoto wako akikwambia ameshindwa na harudi, usimsikilize jirani, na usimtume kaka yako mpole. Mwache. Yuko huko anamwombea mtu augue, na si vizuri, lakini usijitolee kuwa wewe.

Pointi hajaipata. Silvesta yumo kwenye orodha, namba yake ni ndefu kuliko ya simu yangu, na amenitumia picha yake. Fikirini yuko Kigali wiki hii. Jumatatu ameshindwa raundi ya mwisho ya mchujo, na kura imemtupa wa tatu. Sasa tuna sheria. Kila asubuhi, kabla hajaenda kutia sahihi, lazima nipige mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, nisipopiga haendi.

Leo nimepanda juu ya dungu mapema mtandao ukiwa mzuri. Tangu jana nina homa, meno yanagongana, na Kudra amenichemshia uji na kuniambia nimwambie mtoto ukweli. Nimenywa uji wote kwanza ili sauti itulie.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Nenda ukatie sahihi."

Akauliza kama anayepima, "Kabisa?"

"Fikirini," nikasema, "ningekuwa naumwa ungeambiwa na mjomba wako."

Akacheka, akakata simu. Kudra, kwenye dungu lake, akarusha jiwe, kundi la ndege likainuka, likahamia kwangu.