Betri ya Kifaru

Mama Pacha alikuwa amelala chali chini ya lori waliloliita Kifaru, vumbi la kutu likimdondokea machoni, akitafuta waya uliokuwa ukizima taa za mbele kila lori lilipopita kwenye shimo. Aliupata karibu na tangi, umechubuka na kugusa chasi. Alikuwa anauzungushia utepe alipoona miguu ya dereva ikija mbio.

"Dada, toka huko! Gogo limembana shemeji yako kule kambi ya juu. Wamepiga simu sasa hivi."

Alitoka bila kujali kwamba ameacha bisibisi. Shemeji huyo, mpasua magogo, alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na watoto wake pacha walimwita baba mdogo kwa mapenzi yote.

"Mzima?"

"Anaongea. Lakini mguu, dada, mguu..."

Kampuni ya mbao ilikuwa na magari mapya mawili, lakini hayangefika hata nusu ya mlima ule wenye matope. Lililoweza kupanda ni Kifaru tu, lori kuukuu la enzi za meneja wa kwanza. Dereva alirukia usukani, akazungusha ufunguo. Starta ikalia tak, tak, kisha kimya.

"Usirudie," Mama Pacha alisema. Alikwangua vichwa vya betri, akakaza waya wa chini, akaweka taa ya kupimia. "Jaribu." Taa ilififia mpaka ikabaki kama njiti iliyozimika. Ndipo alipoitazama betri yenyewe vizuri. Aliyoifunga yeye wiki iliyopita ilikuwa mpya. Hii ilikuwa imevimba ubavuni kama shavu la mwenye jino bovu.

"Nani kabadilisha betri?"

Dereva aliangalia pembeni. "Umeme ulikatika jana. Meneja alituma watu wampelekee ile mpya nyumbani, wakaweka hii. Mimi ningesemaje?"

Waliita wenzao wa karakana, wakalisukuma lori mpaka kwenye mteremko wa getini. Kifaru kilikohoa, kikatema moshi mweusi, kikawaka. Watu walishangilia. Hakikufika hata darajani, kikazima. Mama Pacha alifungua boneti, akaona mpira wa dizeli umepasuka na kunyonya hewa. Alikata kipande kibovu, akaukaza upya, akapiga pampu kwa kidole gumba mpaka dizeli ikatoka bila povu.

Lakini sasa walikuwa bondeni. Hapakuwa na mteremko tena wa kusukumia.

Dereva alifuta uso. "Tumpigie meneja atupe ruhusa ya kuichukua betri."

"Umempigia mara ngapi?"

"Hapokei."

Mama Pacha alichukua spana, akapanda njia ya mkato hadi nyumba ya meneja. Sebuleni televisheni ilikuwa inaimba peke yake. Betri ya Kifaru ilikaa sakafuni juu ya gazeti, imeungwa waya, safi, kama mgeni wa heshima. Mke wa meneja alitokea jikoni.

"Wewe, hodi huijui?"

"Samahani, mama. Kuna mtu anakufa."

"Meneja amesema isiguswe. Friji nayo inaitegemea, na ina nyama!"

Mama Pacha alifungua waya wa kwanza. Televisheni ilikata wimbo katikati ya neno. Akafungua wa pili, akaipakata betri kifuani, akaondoka huku matusi yakimfuata mpaka kwenye ua.

Betri ilipofungwa, Kifaru kiliwaka kwa mkupuo mmoja. Kilipanda kikiteleza, matope yakipiga vioo, dereva akikisemesha kama mnyama. Kule juu walimkuta shemeji amefungwa mkanda pajani, midomo imepauka, anatetemeka juani.

"Mmechelewa," alisema, akijaribu kucheka. "Nilidhani mmepitia harusini."

Hospitalini mguu ulikatwa juu ya goti. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba damu ilikaa muda mrefu bila kufika chini.

Asubuhi meneja alimwita Mama Pacha ofisini. Hakumwambia akae.

"Umeingia nyumbani kwangu na kuchukua mali. Hilo peke yake linatosha kukufukuza. Lakini mimi si mtu mbaya. Wakubwa wakiuliza, sema gari lilikwama kwenye matope. Basi, yataisha."

"Halikukwama, bosi."

"Fikiria watoto wako."

"Nawafikiria. Hayo ya matope nenda kamwambie mgonjwa mwenyewe. Wewe unayo miguu ya kukufikisha wodini."

Alivua ovaroli palepale, akaliacha juu ya meza ya meneja likiwa na grisi, na kazi akaiacha hapohapo.

Alikwenda hospitali na chupa ya chai. Shemeji alikuwa macho, shuka limelala bapa upande mmoja. Watu wa kampuni walishapita, wakampa pole na sabuni, wakamkumbusha kwamba chumba cha kambini ni cha wafanyakazi tu. Alikunywa polepole, akimtazama kwa aibu.

"Shemeji, nimewaza usiku kucha. Ukirudi kazini niulizie kazi ya ulinzi wa getini. Pale mtu anakaa tu. Wewe wanakusikiliza."

Mama Pacha alimshikia kikombe kisimwagike.

"Nitakuulizia," alisema.